Fadhila, heri na akili kwa Aristotle: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwa nini Aristotle, na si Socrates au Plato?

Kwa sababu kati ya wanafalsafa hawa wa Ugiriki ya kale, ndiye aliyeacha kitabu kinachoyashughulikia mambo haya matatu kwa mpango. Socrates hakuandika chochote. Tunamjua kupitia waliomsikia, hasa Plato na Xenophon, na mwaka 399 KK mahakama ya Athens ilimhukumu kifo. Plato aliandika majadiliano ambayo yeye mwenyewe si msemaji ndani yake, kwa hiyo ni vigumu kujua lini anasema lake. Aristotle alizaliwa Stagira mwaka 384 KK, akaja Athens akiwa na miaka 17 hivi, akakaa katika shule ya Plato miaka 20, na baadaye, mwaka 335 KK, akafungua shule yake mwenyewe, Lykeion.

Kitabu tunachokitegemea hapa ni Maadili ya Nicomachus, chenye sehemu 10. Yaelekea ni maandalizi ya mihadhara. Sentensi zimebanwa, hoja hukatizwa na hoja nyingine, na sehemu ya 5 hadi ya 7 zimo pia katika kitabu chake kingine cha maadili, kile cha Eudemus. Ukiona mahali pamekaa vibaya, mara nyingi si macho yako.

Hiyo heri anayoizungumzia ni furaha?

Hapana, na hapa wengi hupotea mapema. Furaha huja na kuondoka: timu imeshinda, mshahara umeingia. Eudaimonia, ambayo hapa tunaiita heri, ni sifa ya maisha ya mtu yanavyokwenda kwa ujumla wake. Tena ni utendaji. Aristotle anakataa kwamba kuwa na tabia njema kunatosha, maana mtu anaweza kuwa nayo na bado akalala maisha yake yote. Katika michezo ya Olympia, anasema, taji halipewi mwenye mwili mzuri kuliko wote bali walioingia uwanjani.

Ufafanuzi wake umo katika sehemu ya 1, sura ya 7: heri ni utendaji wa nafsi unaofuata fadhila, na katika maisha kamili, kwa kuwa mbayuwayu mmoja haleti majira mapya. Raha haifukuzwi. Mtu anayetenda haki huku roho inamuuma, kwake si mwenye haki bado.

Akili inaingilia wapi?

Anaanza na mafundi. Mpiga kinubi ana kazi yake, seremala ana yake, na kila mmoja ni mzuri akiifanya kazi hiyo vizuri. Je, binadamu kama binadamu ana kazi? Kukua na kula, hata mimea hufanya. Kuona na kuhisi, ng'ombe na farasi pia. Kinachobaki ni kuishi kwa kutumia akili, basi heri lazima iwe kuifanya kazi hiyo vizuri.

Pingamizi linajulikana: kuwa jambo ni la binadamu peke yake hakulifanyi kuwa jema, kwani binadamu pekee pia hughushi hati. Pingamizi hilo lina uzito, na anayeisoma hoja ya mafundi kama uthibitisho kamili atabaki hoi. Ni afadhali kuichukua kama mchoro wa kwanza, maana Aristotle mwenyewe anasema palepale kwamba anachora tu, mistari itajazwa baadaye.

Anaanza kuijaza katika sura ya 13, ambayo watu huiruka na kujuta. Humo anaigawa nafsi. Kuna sehemu yenye akili. Kuna isiyo na akili kabisa, ile ya lishe na ukuaji. Katikati kuna sehemu ya matamanio na hisia, ambayo haifikiri yenyewe lakini inaweza kusikiliza, kama mtoto anavyomsikiliza baba. Fadhila za tabia zinakaa hapo. Aristotle hataki hisia zinyamazishwe. Anataka zifundishwe kusikia, hadi mtu aogope kinachostahili kuogopwa na apende kinachostahili kupendwa.

Maskini, mgonjwa au aliyefiwa anaweza kuwa na heri?

Jibu lake halifariji sana. Heri inahitaji pia vitu vya nje: marafiki, mali ya kutosha, afya, watoto. Vingine ni zana (huwezi kuwa mkarimu bila cha kutoa), na vingine vikikosekana vinaitia doa. Mfano wake ni Priam, mfalme wa Troy, aliyeishi vizuri hadi uzeeni kisha akapoteza wanawe na mji wake. Hakuna, anasema, atakayemwita huyo mwenye heri.

Lakini anaweka mpaka. Mwenye fadhila akipatwa na maafa hawi duni kabisa, kwa sababu hatatenda ya kuchukiza. Hutumia alichobaki nacho kama mshona viatu mzuri anavyotoa kiatu bora katika ngozi aliyopewa. Wanaodai kwamba mtu anaweza kuwa na heri huku anateswa, kwa vile tu ni mwema, wanasema upuuzi kwa maoni yake.

Fadhila ni ngapi?

Ziko za aina mbili. Za akili hupatikana zaidi kwa kufundishwa, nazo huchukua muda na uzoefu. Muhimu zaidi ni hekima, na busara, yaani akili ya kuamua la kutenda. Za tabia hupatikana kwa mazoea: ushujaa, kiasi, ukarimu, upole, ukweli kuhusu nafsi yako, ucheshi, urafiki katika kuchangamana na watu, haki, na nyingine chache zinazohusu heshima na matumizi makubwa ya fedha kwa umma. Orodha hii ina harufu ya mwungwana wa Athens wa karne ya 4 KK. Usitafute humo unyenyekevu, hutaupata.

“Kati na kati” maana yake ni kufanya kila kitu kwa wastani?

Aristotle anasema kila fadhila ya tabia iko kati ya ncha mbili mbaya, ya kuzidi na ya kupungua; hiyo ndiyo “kati na kati”. Kuisoma kama wastani ndilo kosa linaloharibu usomaji wa kitabu kizima, kwa hiyo tutakaa hapa kidogo.

Aristotle anatofautisha katikati ya kitu na katikati kwa upande wetu. Katikati ya kitu ni hesabu: kati ya 2 na 10 ni 6, kwa kila mtu. Kisha anatoa mfano wa chakula. Ikiwa mina 10 ni nyingi kuliwa na mina 2 ni kidogo, mwalimu wa mazoezi hataagiza mina 6 kwa kila mtu. Mina moja ya Athens ilikuwa kama gramu 430, kwa hiyo tunazungumzia kilo 4.3, gramu 860, na kilo 2.6. Kwa Milo, mpiganaji mieleka maarufu wa Croton, kilo 2.6 zingekuwa kidogo. Kwa anayeanza mazoezi, nyingi mno. Kipimo sahihi kinategemea mtu, wakati na shughuli, na akili ndiyo inayokipata.

Hivyo kati na kati haikuamuru ukasirike kidogo daima. Chukua hasira, aliyoichambua katika sehemu ya 4, sura ya 5. Anayesifiwa hukasirika kwa jambo linalostahili, dhidi ya mtu anayestahili, kwa namna, wakati na muda unaostahili. Ukivihesabu hivyo ni vipimo vitano, na unaweza kukosea kimoja huku vingine viko sawa. Bosi aliyeibiwa na keshia kisha akamfokea mlinzi ana sababu sahihi ila amekosea mtu. Aliyekasirikia kosa la kweli la mkwewe na bado hamsalimii mwaka wa tatu amekosea muda tu.

Aristotle anaainisha hata wakosaji. Wapo wa hasira za mkizi, wanaowaka haraka na kupoa haraka, na anasema kupoa huko ndilo jema lao. Wapo wenye kinyongo, wanaoificha hasira; kwa kuwa haionekani, hakuna anayewatuliza, na kuimeng'enya ndani peke yako huchukua muda. Hao ni mzigo kwao wenyewe na kwa wanaowapenda. Wapo pia wagumu, wasiopatana na mtu hadi walipize. Na upande wa pili wapo wasiokasirika kabisa hata wao au jamaa zao wakitukanwa, nao hawasifii: anawaona wajinga, watu wa kukanyagwa.

Jambo la mwisho ambalo husahaulika: si kila tendo lina katikati. Uzinzi, wizi na uuaji ni vibaya vyenyewe, na vilevile husuda na kufurahia mabaya ya wenzako. Hakuna kuzini kwa kiasi, na mtu sahihi, na wakati sahihi. Aristotle anaiandika hoja hiyo karibu kwa maneno hayohayo, na ni moja ya sehemu chache ambapo unahisi anakebehi.

Nitajuaje nimeegemea upande gani?

Sehemu ya 2, sura ya 9 ina maelekezo matatu, na ndiyo kurasa za vitendo kuliko zote katika kitabu.

La kwanza, jitenge na ncha iliyo mbaya zaidi. Ncha mbili hazilingani. Ushujaa uko kati ya woga na kujitosa kichwa kichwa, lakini woga ndio uko mbali nao zaidi, kwa hiyo ukishindwa kulenga katikati, kosea upande wa kujitosa. Kwa ukarimu, ubahili ni mbaya kuliko ubadhirifu. Mbadhirifu huponywa na umri na ufukara, bahili haponi.

La pili, jichunguze wewe binafsi unavutwa wapi. Kipimo ni raha na uchungu unaousikia: kinachokupa raha kupita kiasi ndiko unakoinamia. Ukishajua, jivute kwa nguvu upande wa pili, kama wanavyonyoosha mbao zilizopinda. Mtu aliyezoea kusema “ndiyo” kwa kila mchango wa harusi hatafika katikati kwa kulenga katikati. Itambidi akatae mara kadhaa hadi aone aibu.

La tatu, jihadhari na raha kuliko kitu kingine, maana mbele yake hatuamui tukiwa mahakimu huru.

Watu hukosea hapa kwa kutumia agizo la pili bila lile la kwanza. Mwoga anayejiona jasiri mno hujivuta kuelekea woga zaidi. Ndiyo sababu anahitajika rafiki wa kweli wa kukuambia umesimama wapi.

Fadhila hupatikanaje hasa?

Kwa kutenda. Tunakuwa wajenzi kwa kujenga na wapiga kinubi kwa kupiga kinubi. Vivyo hivyo tunakuwa wenye haki kwa kutenda haki. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na Aristotle anakubali bila kusita: mazoea ya utotoni, asema, yana uzito wote.

Swali linafuata lenyewe. Nitatendaje haki kama bado si mwenye haki? Jibu lake ni kwamba tendo na mtendaji ni vitu viwili. Mtu anaweza kuandika sentensi sahihi kwa kubahatisha au kwa kuelekezwa, na bado asiwe mjuzi wa sarufi. Ili tendo lihesabike kuwa la fadhila, mtendaji atimize masharti matatu: ajue anachofanya, akichague, tena kwa ajili ya chenyewe, na atende kutoka katika tabia iliyokaa imara, isiyoyumba. Mwanafunzi huanza na tendo la nje akiwa chini ya malezi na sheria, na masharti ya ndani hujaa polepole.

Mazoea yenyewe hayachagui. Kupiga kinubi vibaya kila siku huzaa mpiga kinubi mbaya, kwa hiyo kurudia kosa ni kulikaza, na anayejifunza bila mtu wa kumsahihisha yuko hatarini zaidi kuliko asiyejifunza. Kosa jingine ni kukimbilia mazungumzo. Wengi, asema, hukimbilia maneno wakidhani wanafalsafisha, kama wagonjwa wanaomsikiliza daktari kwa makini na wasifanye hata moja kati ya aliyoagiza.

Ile nukuu ya “sisi ni kile tunachokifanya mara kwa mara” ni yake?

Si yake. Ni maneno ya Will Durant, mwandishi Mmarekani, katika kitabu cha mwaka 1926, alipokuwa akifupisha mafundisho ya Aristotle. Muhtasari si mbaya, ila unaacha nje masharti mawili kati ya yale matatu hapo juu: kujua na kuchagua.

Busara inatofautianaje na ujanja?

Ujanja ni uwezo wa kupata njia ya kufikia lengo lolote. Lengo likiwa jema unasifiwa. Likiwa baya ni hila. Busara haiwezi kuwepo bila fadhila za tabia, kwa sababu hizo ndizo zinazoliweka lengo sawa, na fadhila nazo hazikamiliki bila busara, kwani mtu mwenye moyo mzuri asiyeona vizuri huanguka kwa kishindo kama mtu mwenye nguvu aliye kipofu.

Busara hushughulika na mambo mahususi, ndiyo maana Aristotle anasema vijana wanaweza kuwa hodari wa hisabati lakini si wenye busara: uzoefu haujakusanyika. Anayejua kwamba nyama nyepesi humeng'enywa vizuri lakini hajui zipi ni nyepesi hatamponya mtu. Anayejua tu kwamba nyama ya kuku inafaa ataponya zaidi.

Najua lililo sahihi, mbona nafanya kinyume?

Socrates alisema haiwezekani: anayetenda vibaya hajui kweli. Aristotle anaona kwamba maneno hayo yanapingana na kinachoonekana wazi, na anatumia sehemu ya 7 kuutafuta ufumbuzi. Kuna kujua ukiwa unatumia ujuzi, na kujua kama anavyojua aliyelala au mlevi. Mlevi anaweza kukariri beti za Empedocles, mwanafalsafa na mshairi wa Kigiriki, na maneno hutoka sawasawa, lakini hayamwongozi. Tamaa kali hutufanya hivyo.

Kisha anagawa udhaifu huu mara mbili. Dhaifu huamua vizuri halafu hushindwa kusimama kwenye uamuzi. Wa papara hakuamua kabisa, hisia ilifika kabla. Tiba zao hazifanani: wa papara afikiri mapema, kabla ya kufika mahali penye kishawishi. Kumwambia dhaifu afikiri zaidi hakumsaidii kitu, kwani fikra anazo tayari.

Marafiki wana nafasi gani?

Kubwa: sehemu mbili nzima kati ya 10. Urafiki ni wa manufaa, wa raha, au wa wema. Aina mbili za kwanza huvunjika manufaa au raha ikiisha, na hakuna aliyedanganywa hapo. Ya tatu ni adimu na inataka muda. Watu hawajuani, asema akitaja methali ya Kigiriki, hadi wamekula chumvi pamoja.

Mbona mwishoni anageuka na kusema heri kuu ni kutafakari?

Katika sehemu ya 10, sura ya 7 na ya 8, maisha ya tafakuri yanawekwa juu, na ya fadhila za tabia yanapewa nafasi ya pili. Wataalamu hawajakubaliana. Wengine husema heri ni tafakuri peke yake, wengine kwamba inajumuisha fadhila zote huku tafakuri ikiwa kilele. Tunaegemea usomaji wa pili, kwa kuwa sehemu tisa za kwanza zingekuwa kazi bure vinginevyo. Lakini maandishi ya sehemu ya 10 yanausumbua, na anayekuambia jambo ni rahisi hajaisoma karibuni.

Wastoa na Epicurus wanasemaje?

Wastoa, shule iliyoanzishwa huko Athens na Zeno wa Citium karibu mwaka 300 KK, wanasema fadhila peke yake inatosha: afya na mali hupendelewa, ila si sehemu ya heri. Hapo Priam mwenye fadhila angekuwa na heri. Epicurus (341–270 KK) anaweka raha kuwa lengo, lakini kwa raha anamaanisha mwili usio na maumivu na nafsi isiyo na wasiwasi. Anagawa matamanio matatu: ya asili na ya lazima, kama maji, ya asili yasiyo ya lazima, kama mapochopocho, na yasiyo ya asili wala lazima, kama kusimamishiwa sanamu. Anayedhani Epicurus ni wa karamu hajamsoma.

Na watumwa na wanawake?

Hapa kuna doa ambalo si la kupaka chokaa. Katika kitabu chake cha Siasa, Aristotle anadai kuna watu walio watumwa kwa asili, wasio na uwezo wa kupima mambo, na kwamba mwanamke anao ila hauna mamlaka. Wengine huona kwamba madai haya yanaweza kukatwa na nadharia ikabaki. Kwa sehemu ni kweli, kwa sababu hoja ya akili inamhusu binadamu. Hata hivyo mwungwana wake alipata nafasi ya kutafakari kwa sababu wengine walifanya kazi. Epicurus, kwa kulinganisha, alipokea wanawake na watumwa katika shule yake.

Mafundisho haya yana uhusiano na akhlaki au fadhila tulizofundishwa madrasa na kanisani?

Ndiyo, wa moja kwa moja. Maadili ya Nicomachus yalitafsiriwa kwa Kiarabu katika karne ya 9. Miskawayh, mwanafalsafa Mwislamu aliyefariki mwaka 1030, aliunganisha fadhila nne za Plato (hekima, ushujaa, kiasi na uadilifu) na kati na kati ya Aristotle ndani ya elimu ya akhlaki. Ibn Rushd wa Córdoba alimaliza ufafanuzi wake wa kitabu hicho mwaka 1177. Kwa Wakatoliki njia ilipitia kwa mwanateolojia Thomas Aquinas, na zile busara, haki, nguvu na kiasi za katekisimu ni nne hizohizo.

Nianze kusoma wapi, na zile nambari kama 1106b ni za nini?

Usianze ukurasa wa kwanza na kusonga mbele hadi mwisho. Wengi hukwama kwenye haki, sehemu ya 5. Soma sehemu ya 1 sura ya 7 hadi ya 13, kisha sehemu ya 2 yote, ambayo ni fupi. Halafu sehemu ya 3 sura ya 1 hadi ya 5 juu ya hiari, sehemu ya 7 sura ya 1 hadi ya 10, sehemu ya 8 sura ya 1 hadi ya 3, na sehemu ya 10 sura ya 6 hadi ya 9. Sehemu ya 6 ni ngumu; irudie ukiwa umeshashika ya 2.

Nambari hizo ni za kurasa za toleo la Kigiriki la Immanuel Bekker lililotoka Berlin mwaka 1831. Herufi a na b ni safu ya kushoto na ya kulia, na tarakimu inayofuata ni mstari. Kitabu kinaanzia 1094a na kuishia 1181b katika tafsiri yoyote ya lugha yoyote, kwa hiyo unaponukuu, taja nambari hizo badala ya ukurasa wa nakala yako. Mfano wa Milo uko 1106b, mistari ya mwanzo.